Aiee Tisa za Nyumba ya Barre

Kyule wa Mbithi hakuwa mtu wa kukaa. Hata chai aliinywa akitembea, na kikombe tulikipata baadaye juu ya ukuta wa jirani, au kwa fundi wa viatu pale kona, kimejaa misumari midogo. Kamene, mke wake, alianza ndoa na vikombe kumi na viwili. Mwaka ule wa uchaguzi wa tisini na saba vilikuwa vimebaki vinne.

Nilimjua tangu ahamie mtaa wa Mowlem, hapa Nairobi, akitoka kwao Mwala, Ukambani. Tulipanga ploti moja, mlango ukitazama mlango. Mimi nilikuwa nachonga vinyago, kabla macho hayajaanza kunidanganya, naye alikuwa karani wa ghala la mbao kule Industrial Area. Kazi yake ilikuwa kuhesabu mbao zikiingia na zikitoka, na aliipenda kwa sababu ilimpa ruhusa ya kuzunguka kutwa nzima na penseli nyuma ya sikio. Aliniita Umau, yaani babu, ingawa sikuwa nimemzidi hivyo. Nadhani ni mvi.

Mwaka wa tisini na mbili alisimama udiwani akashika mkia. Watu walicheka, naye akacheka nao. Lakini alipotangaza kusimama tena, bosi wake alimwita ofisini akamwambia achague, siasa au penseli. Kyule aliitoa penseli sikioni, akaiweka juu ya meza ya yule bwana, akaondoka. Kamene alipopata habari alikuwa kwenye cherehani yake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba Ndete, hii ni ya mwisho. Ukikosa kiti safari hii, hakuna ya tatu."

Alimaanisha hivyo, naye Kyule alijua. Kwa hivyo alitembea kama mtu aliyewekewa makaa ndani ya viatu.

Jambo alilokuwa akililia lilikuwa daraja. Kati yetu na shule kuna kijito, na mwaka ule mvua ya Elnino ilikuja ikazibeba zile mbao tatu tulizokuwa tunaziita daraja. Watoto walikuwa wanabebwa mgongoni kama magunia. Kyule alijua bei na futi ya kila mbao, akasema diwani mwenye akili angelisimamisha daraja hilo kwa wiki mbili. Mpinzani wake mkubwa, Kilonzo, mwenye duka la jumla, hakuwa na habari na daraja. Yeye aliwapeleka wanaume soko la Burma kula nyama, na wakirudi wakilamba vidole, wanasema Kilonzo ni mtu wa watu.

Kyule hakuwa na nyama, alikuwa na miguu. Kukiwa na matanga, alikuwa huko. Chama cha akina mama kikikutana kuzungusha sufuria na blanketi, alikuwa mlangoni. Vijana wakicheza mpira kwenye matope, yeye ndiye wa kuokota mpira ukitoka nje.

"Niaje mheshimiwa!" vijana walimwita. "Si uingie namba nane?"

"Nikiingia nitawafunga, halafu mninyime kura."

"Buda, kura tutakupa, lakini hiyo suruali uifunge na kamba vizuri!"

Jioni tukirudi, mimi nyuma na fimbo yangu, yeye mbele, alikuwa anarudi nyuma kunisubiri, anaenda mbele, anarudi tena. Ukipima, kila safari aliitembea mara mbili.

Sasa, ndani ya wadi yetu kulikuwa na mstari wa nyumba za Wasomali. Baadhi walikuja juzi juzi wakikimbia vita kwao, na hao hawakuwa na kura. Lakini wengi walikuwa wa hapa hapa, wana vitambulisho, wana maduka. Mkubwa wao alikuwa Barre, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mrefu, mpole wa sauti. Lakini ukitaka neno lipite katika nyumba zile lilipaswa kwanza kupita kwa mama yake Barre, Bibi Batulo, ambaye wote walimwita ayeeyo, yaani nyanya. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu.

Kyule aliomba nafasi ya kuzungumza nao, wakampa. Ilikuwa Jumamosi, siku tisa kabla ya kura. Tulipofika tulikuta uani pametandikwa mikeka, akina mama upande huu, wanaume upande ule, na harufu ya wali na mbuzi inatoka jikoni hadi inakugusa mabega. Bibi Batulo alikuwa ameketi katikati, shali yake ya rangi ya machungwa.

Kyule hakuketi. Alisimama, akaanza. Alikuwa anasema sentensi kwa Kiswahili, Barre anaigeuza kwa Kisomali.

"Mimi ni Kyule, jirani yenu."

Barre akageuza. Bibi Batulo akainamisha kichwa kidogo, akasema neno moja. Na wengine wote wakalisema baada yake.

Sisi Wakamba, tukikataa jambo, tunasema aiee. Ni hapana, tena hapana isiyo na mlango. Na hilo ndilo neno tulilosikia.

Kyule akaendelea. "Nimekuja kuwaomba kura."

"Aiee," wakasema.

"Nataka kujenga daraja."

"Aiee."

"Ili watoto wenu wavuke bila kulowa."

"Aiee, aiee," akasema Bibi Batulo, na tena anatabasamu.

Kyule aligeuka akanitazama. Mimi nilitikisa kichwa kwa huzuni. Jasho lilikuwa limemtoka hadi kola. Akajaribu maji, wakasema aiee. Akajaribu taa za barabarani, wakasema aiee. Hotuba aliyoipanga kwa nusu saa aliikata kama kitambaa kibovu.

"Basi, asanteni. Nina mkutano mwingine."

Barre alishangaa. "Adeer, ami yangu, chakula kinakuja. Chai hii hapa."

"Siku nyingine."

"Lakini ayeeyo amekuchinjia."

"Siku nyingine, ndugu yangu."

Akatoka. Mimi nikamfuata, na kikombe changu cha chai yenye iliki nikakiacha mkekani, chenyewe kinafuka moshi.

Barabarani alikuwa anaruka madimbwi bila kuyatazama. "Umau, umesikia?"

"Nimesikia."

"Wamenikataa mara ngapi?"

"Mara saba, kwa hesabu yangu."

"Tisa. Mimi nimehesabu tisa. Na huyo mama anakataa akicheka! Heri angenitupia kiatu."

Nyumbani hakula. Alizunguka ploti, akakagua mfereji, akasimama mlangoni kwangu, akaondoka, akarudi. "Kwani Kilonzo amewafikia kabla yangu?" aliuliza. Ningekuwa na akili ningemuuliza, mtu wa kukukataa anakuchinjia mbuzi kwa nini? Lakini neno la kwetu lilikuwa limetuziba, yeye na mimi.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Watu walipotoka kanisani walikusanyika pale uwanjani karibu na vibanda vya mboga, kama ilivyokuwa desturi, na kila mgombea alipewa dakika zake. Wengi pale walikuwa watu wetu, kutoka Machakos na Kitui. Kyule alisema vizuri juu ya daraja, na watu wakaitikia ĩĩ, ĩĩ, ambayo ndiyo ndiyo yetu, na nikaona mabega yake yanashuka.

Halafu Kavutha akauliza swali. Kavutha aliuza ndengu na mbaazi, na sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. "Kyule! Na waria je? Watatupatia kura au watampa Kilonzo?"

Waria ndilo jina tulilowaita Wasomali, na si jina la heshima.

Kyule angeweza kusema hajui. Lakini zile aiee tisa zilikuwa bado zinamuuma, na watu walikuwa wanamtazama. Akasema, "Hao ni wageni. Mgeni hachagui mwenye nyumba!"

Watu walipiga makofi hadi kuku wakakimbia. Kavutha alipiga kigelegele. Hayo ndiyo yalikuwa makofi makubwa kuliko yote ya kampeni yake, na kufika jioni watoto walikuwa wanaimba njiani, mgeni hachagui mwenye nyumba.

Jumanne nilienda kununua uzi kwa Zakariye, mpwa wake Barre, ambaye duka lake liko karibu na kituo cha magari. Zakariye hakuwepo. Alikuwepo mke wake, Luul, na mama mwingine amekaa kwenye kistuli anamhadithia jambo refu la arusi fulani. Kila yule mama akivuta pumzi, Luul anasema, "Aiee." Na yule mama anaendelea kwa furaha zaidi. "Aiee," anasema Luul, anakata kitambaa. "Aiee."

Nilisimama pale na uzi mkononi. Nikamwambia, "Mama, mbona unamkatalia mwenzako hivyo, na yeye hachoki?"

"Kumkatalia nani, mzee?"

"Si unamwambia aiee, aiee?"

Alinitazama, halafu akaweka makasi chini. "Haye," akasema polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. "Ha-ye. Ni kusema sawa. Endelea, nasikia. Nyinyi si mnasema haya?"

Mtu akiwa na wasiwasi husikia kwa lugha ya mama yake. Haye na haya zilikuwa zimekaa karibu hivyo, mlango kwa mlango, na sisi tukaenda kubisha huko Ukambani.

"Kwa hivyo Jumamosi," nikasema, "kwa ayeeyo..."

"Jumamosi walikubali kila kitu! Ayeeyo alisema huyu mtu wa daraja tumpe. Halafu mtu mwenyewe akakimbia chakula kama ameona nyoka. Tukasema labda ni mgonjwa." Uso wake ukabadilika. "Halafu Jumapili tukasikia sisi ni wageni."

Niliacha uzi pale pale. Sijui kama nilikimbia, lakini fimbo yangu niliikuta baadaye kwa Luul.

Kyule nilimpata kwa kinyozi, amesimama, ananyolewa akiwa amesimama, kinyozi anamzunguka. Nilipomweleza, aliketi. Ndiyo, aliketi chini kwenye kiti, shuka la kinyozi shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa.

"Tisa," akasema. "Ndiyo tisa, Umau."

"Saba kwa hesabu yangu."

"Na mimi nikawaita wageni."

Kinyozi akasema, "Mheshimiwa, nimalizie upande wa pili?" Lakini alikuwa ameshatoka.

Nyumbani kwa Barre hawakututandikia kitu. Barre mwenyewe alisimama mlangoni, mkono juu ya fremu.

"Karibu, mwenye nyumba," akasema. "Sisi wageni tukusaidie nini?"

"Barre, nimekosa."

"Mimi nimezaliwa Pumwani. Wewe umezaliwa wapi?"

"Mwala."

"Basi hapa Nairobi, kati yangu na wewe, mgeni ni nani?"

Kyule alivua kofia, na Barre akaona kile kichwa, nusu nywele, nusu ngozi. Nadhani ni huruma iliyomtoa mkono mlangoni. Tukaingia.

Kyule alieleza yote mbele ya Bibi Batulo. Alieleza aiee ya kwetu, akaeleza jinsi alivyohesabu, moja hadi tisa, akiwa anakunja vidole. Barre alikuwa anageuza maneno, na katikati akashindwa, akaanza kutetemeka mabega. Bibi Batulo aliuliza kitu, akajibiwa, na hapo akacheka hadi akajifunika shali mdomoni. Wanawake walitoka jikoni kuja kuona kuna nini. Mmoja alimwambia Kyule "Aiee!" akikunja uso kama Mkamba mwenye hasira, wakaangua kicheko upya.

Kisha yule bibi aliishusha shali, na kicheko kikaisha. Akasema kwa kirefu. Barre akageuza.

"Anasema, kosa la sikio limekwisha. Tumelicheka, limekwisha. La mdomo bado. Neno lako hukulisemea hapa ndani. Ulilitupa uwanjani mbele ya watu, na neno la uwanjani halirudishwi kupitia mlango wa nyuma. Ukitaka, nenda ukaliokote pale ulipolitupa. Usipotaka, kunywa chai uende salama. Chai haina sharti."

Safari hii Kyule aliimaliza, kikombe chote, na wakamwongeza.

Lakini tulipotoka, taabu ndiyo ilianza. Maana yale makofi ya Jumapili yalikuwa yamempandisha. Kila kona watu walimwita mwenye nyumba. Wafuasi wa Kilonzo walikuwa wameanza kuhamia kwetu, na nyama zao tumboni. Akirudi uwanjani kulikana lile neno, watu wetu watasemaje? Akinyamaza, watu wa Barre watabaki nyumbani au wampe Kilonzo. Alihesabu kama mbao, huku na huku, na hesabu ilikataa kukaa sawa.

"Nyamaza tu," wenzake wa kamati walimwambia. "Baada ya kura utaomba msamaha hata kwa ngamia."

Alimuuliza Kamene. Kamene alikuwa anashona kofia za kampeni, sindano mdomoni. Akaitoa. "Ukinyamaza utashinda?"

"Labda."

"Na ukisema?"

"Labda. Sijui, mama Ndete. Sijui kabisa."

"Basi kama zote ni labda, usiniulize mimi mambo ya kura. Niulize kama nitaweza kununua kitambaa kwa Barre Jumatatu ijayo nikimtazama usoni."

Siku ya Krismasi alitembea hadi Dandora na kurudi, peke yake, kwa mvua. Sikukuu ya pili akatembea hadi Umoja. Hakuwa anaomba kura wakati huo, alikuwa anatembea tu.

Jumamosi, mkutano wa mwisho, uwanja ulijaa hadi juu ya mapaa ya vibanda. Wakamwitia, "Mwenye nyumba! Mwenye nyumba!" Kavutha alikuwa mbele kabisa, kofia ya Kamene kichwani.

Kyule alipanda juu ya kreti. "Ndugu zangu," akasema, "Jumapili nilisema neno baya, tena la uongo. Niliwaita majirani wageni. Wale watu waliniambia sawa, nami nikasikia aiee."

Kicheko kikapita uwanjani. Akawaeleza. Walicheka vizuri, na kwa dakika moja nilifikiri tumevuka.

"Kwa hivyo wanakupa kura?" mtu akauliza.

"Wanipe, wasinipe, ni wenyeji kama sisi. Barre amezaliwa Pumwani. Mimi niliyesema vile nimezaliwa Mwala. Lile neno nalirudisha, na ninyi naomba mliache."

Kicheko kiliisha. Watu hawapendi kuombwa warudishe kitu walichokipigia makofi. Kavutha aliivua kofia.

"Jumapili wageni, Jumamosi wenyeji!" akasema kwa ile sauti. "Jumatatu watakuwa nini, Kyule? Mashemeji?"

Hapo uwanja wote ulilipuka. "Diwani asiyejua ndiyo na hapana!" mwingine akapokea. "Tukimwomba maji atasikia moto!" Kavutha alitundika kofia kwenye msumari wa kibanda, akaondoka, na mstari mzima wa akina mama wa ndengu ukamfuata, na wanaume baada yao. Kyule alibaki juu ya kreti akizungumza juu ya daraja hadi dakika zake zikaisha. Hakuruka hata sentensi moja.

Kura zilipigwa Jumatatu, na kwa sababu ya mvua na karatasi kuchelewa ziliendelea hadi kesho yake. Bibi Batulo aliletwa kwa kiti, akibebwa na Zakariye na Abukar, mwana mdogo wa bibi huyo, juu ya matope. Alipiga foleni kama wengine. Nilimwona kwa macho yangu haya mabovu, shali ile huwezi kuikosa.

Matokeo yalisomwa Jumatano mchana, kituo kwa kituo. Katika kituo cha nyumba za Wasomali Kyule alimwacha Kilonzo mbali sana. Katika kituo chetu, mlango wake mwenyewe, alipigwa vibaya. Kura zikajumlishwa. Kilonzo alishinda kwa kura kumi na tisa.

Kyule alisikia, akafunga kifungo cha koti. "Umau," akaniuliza, "ningenyamaza?"

"Sijui," nikamwambia, na hadi leo sijui.

Nilifikiri atajifungia. Lakini siku ya pili ya Januari alinigongea asubuhi, amevaa lile koti. Akasema anaenda kuwashukuru watu, nyumba kwa nyumba, wote aliowaomba kura, waliompa na waliomnyima. Nikamwambia sijawahi kuona aliyeshindwa akifanya hivyo. Akasema hata yeye hajawahi kuona.

Alianza kwa Kavutha. Tulibisha, akafungua, kitambaa cha kupigia deki mkononi, akatutazama kutoka juu hadi chini.

"Kura zimekwisha, Kyule. Umekuja kutafuta nini?"

"Kusalimia."

"Kusalimia mimi?"

"Wewe. Umeamkaje?"

Kavutha alitazama barabarani, kama kuna watu wengine wanaomchezea shere. Hakukuwa na mtu. Akatazama miguu yetu, iliyojaa matope ya Mowlem hadi vifundoni.

"Nimeamka," akasema. "Vueni viatu basi, sakafu haijakauka."